Otopailoti inashika uelekeo vizuri, lakini inakataa kufuata njia ya chatiplota. Inalia "NO DATA"

Mkuku_na_Mlingoti (Tanga)

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaojua vyombo vya boti. Nimehangaika wiki tatu, na mwenye boti keshaanza kuambiwa anunue otopailoti mpya.

Boti ni ya faiba, futi 38, injini moja ya dizeli. Tunapeleka watu kuvua kwa mshipi na mara nyingine wazamiaji, Pemba na kurudi. Otopailoti, ile mashine ya kushika usukani yenyewe, ni ya zamani, ilikuja na boti: kompyuta yake iko chini ya kitanda cha omo (mbele ya boti), ina dira ya umeme na pampu ya haidroliki ya kusukuma usukani. Chatiplota, kile kioo cha ramani ya bahari, ni mpya. Ilifungwa mwaka jana pamoja na kipokezi cha AIS, kile kinachosikia vyombo vingine vikitangaza vilipo, na fundi aliyeifunga hayupo tena nchini.

Nikibonyeza "Auto", boti inashika uelekeo barabara, hata kwenye wimbi la kusi. Nikiweka nukta ya safari kwenye chatiplota, nikaianzisha, kisha nikabonyeza "Track", baada ya sekunde chache inalia na kioo kinaandika NO DATA. Kila mara.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisiende na "Auto" tu. Nimejaribu. Tanga hadi Wete ni kama maili 37 za baharini, karibu mashariki tupu. Kwa mwendo wa noti 7 ni saa tano na robo. Mkondo wa pale kati unakwenda kaskazini, na siku ukiwa na noti 2 unakusogeza maili kumi na nusu bila wewe kuhisi kitu, maana dira inasema 090 muda wote. Usipokuwa ukirekebisha, unatarajia mlango wa Fundo, wa kuingilia Wete, halafu mbele yako inatokea Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba. Ndiyo maana nataka ile mashine isome njia yenyewe, isishike dira peke yake.

Nilichofanya: nimekagua fyuzi, nimesafisha taminali, nimezima na kuwasha, nimeweka programu mpya ya chatiplota. Hakuna badiliko.

Tanga_Raha

Pole mkuu. Mashine ya umri huo haitaelewana na chatiplota ya kisasa. Jirani yangu alihangaika hivyohivyo mwisho akang'oa yote akafunga seti moja mpya. Usipoteze muda.

Fundi_Volti (Dar)

Tanga_Raha, nakuelewa, lakini tusimwingize mtu kwenye gharama ile kabla hatujajua ugonjwa. Seti mpya ya boti ya futi 38, pampu na kazi ya kufunga, si pesa ya mchezo.

Mkuku, umetupa jibu la nusu mwenyewe bila kujua. Kama "Auto" inafanya kazi kwenye wimbi la kusi, basi dira ya umeme ni nzima, pampu ni nzima, kompyuta ya pailoti ni nzima, na umeme unatosha. Achana na hivyo vyote. Kilichobaki ni waya mmoja tu: ule unaotoka chatiplota kwenda pailoti, na kinachopita ndani yake.

Kwa umri wa pailoti yako, karibu hakika mnazungumzia NMEA 0183, lugha ya vyombo vya boti kuongea. Ni mfumo wa kizamani na wa kistaarabu: mmoja anasema, wengine wanasikiliza. Anayesema ana waya mbili, A na B. Anayesikiliza naye ana A na B. "Toa" ya chatiplota iende "pokea" ya pailoti, A kwa A, B kwa B. Maneno yanapita kama sentensi za herufi za kawaida ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzisoma. Kasi ya kawaida ni biti 4800 kwa sekunde.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni fundi kufuata rangi. Rangi hazina sheria. Kampuni hii kahawia ni "toa A", kampuni ile kahawia ni "pokea B". Fungua vitabu viwili, cha chatiplota na cha pailoti, uviweke sambamba.

Nijibu haya: nukta unaianzisha kweli, yaani unabonyeza "nenda" na mstari unachorwa kutoka kwenye boti, au unaiweka tu kwenye ramani? Chatiplota isipokuwa na safari inayoendelea haina njia ya kumwambia pailoti. Pili, tupe rangi za waya kwa pande zote. Tatu, chukua mita, weka volti za DC, ncha nyekundu kwenye A na nyeusi kwenye B upande wa pailoti, chatiplota ikiwa imewashwa. Waya ukiwa kimya unatakiwa kuona namba hasi, mara nyingi kati ya volti 2 na 5. Kila sekunde, sentensi zikipita, namba itacheza. Ukiona sifuri, waya umekatika au umefungwa pasipo. Ukiona namba chanya iliyotulia, A na B zimebadilishana.

Mkuku_na_Mlingoti

Asante sana fundi. Nimeshinda chini ya kitanda leo.

Nukta naianzisha, mstari unachorwa, na chatiplota inanionyesha umbali na muda uliobaki. Kwa hiyo hilo liko sawa.

Waya nimezifuata kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, nikalinganisha na vitabu vyote viwili. Kitabu cha pailoti nilikipata kwenye mtandao. A iko kwa A, B iko kwa B. Kwenye kiungo kimoja karibu na tangi nilikuta shaba imegeuka kijani, nikakata, nikaunga upya kwa risasi na kufunika kwa mpira wa kuchomea.

Mita inasoma hasi 3.9. Inacheza, lakini kidogo mno, kama inashtuka tu kila sekunde halafu inarudi. Na NO DATA iko palepale.

Fundi_Volti

Kazi nzuri. Waya ni mzima na anayesema anasema. Sasa tunataka kusikia anasema nini.

Tafuta kebo ya kugeuza RS-422, yaani ishara za waya A na B, kuwa USB. Zinauzwa, si ghali. Unganisha A na B za chatiplota kwake, fungua programu yoyote ya kusoma mlango wa siriali kwenye kompyuta, weka 4800, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Weka nukta, bonyeza "nenda", halafu utuletee unachokiona. Tunatafuta sentensi za njia: APB hasa, au RMB. Hizo ndizo pailoti za zamani zinazozila.

Mtwapa_Creek

Samahani kuingilia, nina tatizo linalofanana ila langu ni NMEA 2000, ule mfumo mpya wa vyombo vyote kwenye waya mkuu mmoja, vyombo vyote vipya. Mashua ya tanga, futi 42. Pailoti inaiona chatiplota, dakika kumi safi, halafu inapotea kwenye orodha, inarudi, inapotea. Nifungue uzi mwingine?

Fundi_Volti

Kaa hapahapa ndugu yangu, wengine watafaidika. Wewe hata kompyuta huhitaji. Zima umeme wa mtandao wote. Chukua mita, weka omu, pima kati ya waya mweupe na wa buluu kwenye kiungo chochote kilicho wazi, yaani pini ya 4 na ya 5. Lazima usome karibu 60. Mfumo ule unataka tamineta (vizibo vyenye ukinzani) mbili tu, moja kila mwisho wa waya mkuu, kila moja omu 120. Zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukisoma 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna mtu kaongeza ya tatu.

Angalia pia matawi. Tawi moja lisizidi mita 6. Watu wanavuta tawi la mita 10 hadi tezi (nyuma ya boti) kwa sababu kebo ilikuwepo, halafu wanalaumu pailoti.

Dada_wa_Bandarini (Muscat)

Assalamu alaykum. Mimi Mpemba niliyekulia huku, nafanya kazi ya umeme wa boti mwaka wa tisa sasa. Uzi huu umenifurahisha kwa sababu nyumbani ni hukohuko Wete.

Kaka Mkuku, kabla hujanunua ile kebo, rudi kwenye sentensi yako mwenyewe: mita "inashtuka tu kila sekunde". Kwa 4800, fungu la sentensi za safari lenye herufi mia mbili au tatu linachukua karibu nusu sekunde kupita. Mita ingeyumba waziwazi. Ya kwako inashtuka na kutulia. Mimi hapo nashuku maneno ni yaleyale, ila yanasemwa haraka.

Umesema AIS ilifungwa pamoja na chatiplota. AIS inatoa data kwa 38400, mara nane ya 4800. Tafuta imeingia mlango upi wa chatiplota. Chatiplota nyingi, kasi ya mlango ni moja kwa kuingia na kutoka. Fundi akiweka mlango namba 1 kwenye 38400 ili aisikie AIS, basi na "toa" ya mlango uleule itasema kwa 38400. Pailoti yako imezaliwa na 4800. Ni kama mtu anakusomea hati kwa mbio mara nane ya unavyoweza kusikia. Sauti unaisikia, neno huokoti hata moja.

Ingia kwenye menyu ya mawasiliano ya chatiplota, uone mlango wa 1 umeandikwa nini.

Mtwapa_Creek

Nimesoma 120 kamili! Nimeanza kufuata waya mkuu sasa hivi.

Mkuku_na_Mlingoti

Dada, wa alaykumu salaam. Mlango wa 1: "38400, AIS". AIS imeingia mlango wa 1, na waya wa pailoti umetoka mlango huohuo wa 1. Mlango wa 2 hauna kitu, waya zake zimefungwa tepu na kubanwa nyuma ya dashibodi.

Kebo nilikuwa nimeshaiazima kwa kijana mmoja wa kompyuta, nikaona nijiridhishe kwa macho. Kwa 4800 zilikuja alama za ovyo, vijiduara na maswali. Nikabadilisha kuwa 38400 na kioo kikajaa maneno safi. Nimekaa pale nikaangalia kwa muda. Mwaka mzima chatiplota ilikuwa ikiita na pailoti haisikii.

Nimehamisha waya wa pailoti kwenda "toa" ya mlango wa 2, nimeuweka 4800. AIS nimeiacha ilipo. Kompyuta sasa kwa 4800 inasoma hivi, hii ni moja niliyoinakili bandarini nikiwa na nukta ya majaribio:

$GPAPB,A,A,0.12,R,N,V,V,090,M,003,090,M,090,M*02

Nikabonyeza "Track". Imekubali! Sikulia ila nilikaribia.

Fundi_Volti

Dada umeokota kitu nilichokipita. Mimi nilisoma "inacheza" nikaridhika. Nimejifunza.

Kwa wasiojua, sentensi ile inasomeka hivi. A mbili za mwanzo zinasema data ni halali. 0.12 ni maili za baharini ulizotoka nje ya mstari, R ni kwamba urudi kulia, N ndiyo kipimo cha maili. V mbili zinasema hujafika bado. 090 ya kwanza ni uelekeo wa mstari kutoka ulikoanza, M ni wa sumaku, 003 ni jina la nukta, na zinazofuata ni uelekeo kutoka hapo ulipo na uelekeo wa kushika. Baada ya nyota ni namba ya kuhakiki: pailoti inapiga hesabu yake ya herufi zote zilizo kati ya alama ya $ na nyota, isipolingana inaitupa sentensi nzima. Kwa hiyo herufi moja ikiharibika njiani, boti haiendi kombo. Inabaki tu bila habari, na hapo ndipo unapata NO DATA.

Mkuku_na_Mlingoti

Wakuu nimerudi na furaha imepungua. Asubuhi nimetoka nje ya bandari kwa majaribio. Nukta 003, sawa. Nukta 004, sawa. Nikaita nukta halisi ya safari, ile niliyoihifadhi zamani, na NO DATA imerudi. Nikirudi kwenye 003, inakubali. Nikienda kwenye ile, inakataa. Nimefanya mara sita, haikosei.

Tanga_Raha

Hiyo nukta labda iko mbali sana?

Dada_wa_Bandarini

Kaka, ile nukta umeiitaje?

Mkuku_na_Mlingoti

MLANGO WA FUNDO NJE

Dada_wa_Bandarini

Basi ndilo hilo. Sentensi ya NMEA 0183 haitakiwi kuzidi herufi 82, na yako bado inaingia, kwa hiyo chatiplota haifanyi kosa kuituma. Lakini pailoti za zamani nyingi zilitengenezwa zikitarajia jina fupi, namba au herufi chache. Zikikutana na jina refu lenye nafasi katikati, nyingine zinakata, nyingine zinaikataa sentensi yote. Ndiyo maana 003 inapita.

Una njia mbili. Ubadilishe jina liwe fupi, FUNDO tu. Au, na mimi napenda hii, ingia tena kwenye menyu ya NMEA 0183 ya chatiplota utafute sehemu ya utambulisho wa nukta, uchague namba badala ya majina. Wewe kwenye ramani utaendelea kuona MLANGO WA FUNDO NJE, ila kwa pailoti itatumwa namba. Kuna na sehemu ya usahihi wa mahali, tarakimu baada ya nukta ya desimali. Kama imewekwa nne, ishushe hadi mbili au tatu. Pailoti za umri ule zilizoea hizo.

Na nikuombe jambo jingine kwa sababu napajua pale. Nukta yako ya mwisho iweke nje kabisa ya mwamba, kwenye maji marefu. Usiiweke ndani ya mlango. Ukifika, toa "Track", shika usukani kwa mkono, ingia jua likiwa juu unaiona rangi ya maji.

Mtwapa_Creek

Nimeipata. Mlingoti ulishushwa mwezi wa pili kubadilisha nyaya. Kile kipimo cha upepo cha juu ndicho kilichokuwa mwisho wa waya mkuu, tamineta ikiwa imeunganishwa kwenye kebo yake. Waliporudisha mlingoti wakaweka kebo ya kawaida, ile yenye tamineta ikabaki kwenye sanduku. Nimeirudisha: omu 61. Kwa muda wa saa nne sasa pailoti haijapotea hata mara moja. Shukrani nyingi, Fundi.

Mzee_Omo_hadi_Tezi (Pangani)

Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu. Nimekuwa nahodha miaka zaidi ya thelathini, tangu jahazi, na sina ugomvi na mashine hizi. Zimeokoa mikono yangu.

Ila neno moja kuhusu "Track", na naliweka hapa kwa sababu Mkuku anavuka kule mara kwa mara. "Auto" inakupeleka kombo taratibu. "Track" inakupeleka kwenye mstari uleule, kila safari, kama reli. Sasa fikiria mvuvi wa ngalawa aliyeweka mshipi wake juu ya mstari huo, usiku, hana taa ila tochi ya mkononi. Hana AIS. Rada inaweza isimwone, mbao na tanga la kitambaa. Chatiplota haimjui kabisa. Mashine yako sasa ni sahihi zaidi kuliko jana, na usahihi huo ndio unaompitia juu yake.

Kanuni ya 5 ya zile kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 inataka chombo kiwe na mtu wa kuangalia muda wote, kwa macho na kwa masikio. Haikuweka udhuru wa otopailoti. Weka kijana omo. Mpe chai, mbadilishe kila saa.

Mkuku_na_Mlingoti

Shikamoo mzee. Nimekusikia, na kijana omo atakuwepo. Wavuvi wale wengine ni jamaa zangu.

Nimeweka namba badala ya majina, nimeshusha tarakimu hadi tatu. Nukta ya mwisho nimeisogeza maili moja nje ya mwamba kama dada alivyosema. Jumamosi tunavuka na wageni wanne, nitaleta majibu.

Fundi_Volti

Kabla hujatoka, kitu kimoja. Weka mita kwenye taminali za umeme za kompyuta ya pailoti, mwambie mtu azungushe usukani kwa pailoti kushoto hadi kulia mfululizo. Ikishuka chini ya volti 11 pampu ikivuta, utapata matatizo baharini ambayo bandarini huyaoni. Na ujue sauti mbili za kengele: NO DATA ni habari hazijafika. Ikikuandikia LARGE XTE, habari zimefika, ila umetoka mbali na mstari, kwenye pailoti nyingi za aina hiyo ni maili 0.3. Hiyo ya pili ni mkondo au upepo, usianze tena kukata waya.

Mkuku_na_Mlingoti

Nimepima: 12.6 ikiwa kimya, 11.8 pampu ikivuta.

Majibu ya Jumamosi. Tumetoka Tanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukapita nje ya miamba kwa mkono, kisha nukta ikaanzishwa na "Track" ikakubali mara ya kwanza. Kati ya mkondo nilikaa na kuangalia kioo. Dira ya boti ilikuwa ikisoma 103, 105, na chatiplota inaonyesha tunakwenda 090. Yaani omo ilielekea kusini kidogo muda wote kupambana na mkondo, na boti ikaenda pale nilipoiambia. Miaka yote nilikuwa nafanya hesabu hiyo kichwani. Umbali kutoka kwenye mstari haukuzidi 0.04, isipokuwa mara moja tulipozunguka ngalawa mbili. Kijana aliziona kabla yangu. Nilibonyeza "Standby", tukapita nyuma yao mbali na mishipi, tukasalimiana, nikarudisha "Track" na ikaushika mstari bila kulia.

LARGE XTE sikuiona. NO DATA sikuiona. Saa tano kasoro tulikuwa maili moja nje ya Fundo, jua liko juu, maji yanajaa. Nikatoa "Track", nikaingia kwa mkono.

Dada wa Muscat, nyumba za Wete zinaonekana kutoka hapa nilipotia nanga. Niambie ni mtaa gani, nipeleke salamu.

Dada_wa_Bandarini

Limbani, kaka. Ukiwa na nafasi nunua pweza pale sokoni, uniambie bei imefika wapi.